Nafasi Moja ya Darasa la Kwanza

Nikipita kwa fundi cherehani nikakutana na harufu ya kitambaa kipya cha sare, namwona mama akitutangulia kwenye njia ya migombani, mimi na pacha wangu nyuma yake, miguu imelowa umande.

Tulikuwa tunakwenda shule ya serikali ya kilima cha pili. Watoto wake walifaulu kila mwaka, na wazazi walitoka mbali, mpaka Nyakakika, kuja kuomba nafasi. Mama alitushonea sare mapema, kana kwamba tumeshapokelewa.

"Shikamoo, mwalimu," mama alisema mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, akikunja magoti.

"Marahaba, mama. Darasa la kwanza limejaa. Imebaki nafasi moja tu."

"Hawa ni mapacha, mwalimu. Wanalala kitanda kimoja. Hata kiti kimoja watakalia."

"Mama yangu, kila dawati lina watoto wanne. Chagua mmoja."

Mama alitutazama mmoja mmoja. Kisha akamsukuma mwenzangu mbele taratibu, akanishika mkono mpaka ukaniuma. Njiani kurudi nyumbani aliniambia kwa Kinyambo, lugha yetu, kwamba mwakani ni zamu yangu. Mwaka ulipofika, tulisikia shule imejaa tena, na mama hakurudi kuomba.

Jioni ya siku ile ya kwanza ya shule, pacha wangu alirudi akiimba wimbo wa Kiingereza. Nikamwomba anifundishe. Alijaribu, lakini maneno yalinishinda. Nikamuuliza maana yake.

"Sijui," alisema. "Kule wote tunauimba."