Makatambuga ya Punda Karani

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Shinyanga mtaniunga mkono, mguu wa mtoto haukujua kiatu mpaka sikukuu, na hata siku hiyo kiatu chenyewe kilikuwa cha kaka yake. Tulikwenda shule pekupeku, tukacheza rede na kombolela pekupeku, na mwiba ukiingia tuliutoa kwa mwiba mwingine. Leo mjukuu wangu hapa Geita ana viatu vya shule, vya kanisani, vya kuogea, na vya kutokea mlangoni kumwaga maji, na bado anasema hana cha kuvaa. Nachoka mimi.

Lakini nikisema enzi zetu watoto hawakuwa na viatu, sisemi kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyevaa. Punda alivaa.

Aliitwa Karani, kwa sababu hakuna binadamu aliyeweza kumharakisha. Baba alimnunua baada ya kuhamishiwa kijiji kipya, miaka ile ya sabini, ambako maji ya kiangazi yalikuwa kwenye lambo, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na zaidi ya hapo kurudi. Karani alibeba madebe manne, tumeyafunika kwa majani mabichi ili maji yasimwagike, na mama akipata hayo siku ilikuwa imekwisha vizuri.

Miguu ya Karani ilikuwa kazi ya Shangazi Milembe, dada yake baba, aliyerudi kwetu baada ya ndoa yake kuvunjika. Kiangazi hakuwa na kazi kubwa, maana njia ya lambo ilikuwa na changarawe na miamba, kwato zikajisaga zenyewe. Masika ndiyo shida. Ile mbuga nyeusi inageuka tope, punda anasimama tu, kwato zinarefuka na kukunjamana mbele. Hapo shangazi aliinua mguu, akaubana mapajani, akachokonoa mavi na vijiwe kwa kijiti, akapunguza ukingo kwa kisu, akamalizia kwa tupa ya kunolea majembe. Mimi nilishika kamba. Karani alikuwa akishusha pumzi ndefu na kutuegemea na uzito wake wote, mnyama asiye na aibu. Pale alipofungwa, shangazi alimwaga changarawe aliyoibeba mwenyewe kwa karai.

"Mayu, usiguse hapo katikati palipo laini," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Huyu anataka pakavu pa kusimama na njia ngumu ya kutembea. Hana haja ya kingine."

Sasa, baba alikuwa mchapakazi na mtu mzuri, lakini akishika jambo hakuna wa kumbandua. Kilabuni mtu mmoja alimcheka kwamba punda wake anatibiwa na mwanamke. Wiki hiyohiyo alikwenda mjini kununua chumvi na mafuta ya taa kwenye duka la Mhindi mmoja tuliyemzoea, na ukutani pakawa na kalenda yenye picha ya farasi ameinua mguu, kiatu cha chuma kinang'aa. Mwenye duka alimweleza, kwa masimulizi ya baba mwenyewe, "Mzee, huyo ni farasi wa mbio. Wako anabeba maji." Baba alisikia kiatu tu.

Akarudi na kipande cha tairi. Alikata, akatoboa, akapitisha kamba za tyubu, na siku ya pili Karani alikuwa na makatambuga manne, yamefungwa vizuri mpaka juu ya kwato.

"Dada, wewe pumzika sasa," baba alimwambia shangazi. "Punda wangu hatembei pekupeku tena."

Tulisimama pale watoto watano, pekupeku, tukimtazama punda akijaribu viatu. Karani aliinua mguu mmoja, akautikisa, akauweka chini, akainua mwingine. Majirani walikuja kuangalia, wengine wakicheka mpaka wanashika mbavu, na baba akadhani wanamwonea wivu.

Masika yote Karani hakuvuliwa, kwa sababu kumvisha upya kulimaliza nusu siku. Tope likaingia ndani likakaa. Mavi yakaingia yakakaa. Kila shangazi aliposema, baba alijibu kwamba viatu vipya lazima vizoewe. Miezi mitatu mtu anazoea viatu! Mvua ilipokwisha na vidimbwi vya karibu vikakauka, tukarudi kwenye njia ya lambo. Karani alikwenda siku mbili. Siku ya tatu aligoma kutoka, hajui aweke wapi mguu, na harufu iliyotoka kwenye zile tairi ilitufukuza.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Kaka zangu walikuwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa darasa la saba, mtihani umebaki miezi mitatu, na mwalimu alishafika nyumbani kuwaambia wazazi kwamba nikikazana nitakwenda sekondari.

"Kabula atachota maji mpaka punda apone," baba alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumanne.

"Ndiyo, baba," nikaitikia.

Hivyo shule yangu ikawa inasubiri kwato za punda. Asubuhi wenzangu wakipita na madaftari, mimi napita na debe kichwani, na jioni tena. Njiani nilijisomea jedwali la kuzidisha kwa sauti. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na baba bado anamzunguka Karani akisema labda makatambuga ni madogo, atatafuta tairi la lori. Nilitamani kulia kwa hasira, na mara nyingine nililia.

Baba na kaka zangu walipopeleka pamba gulioni, shangazi hakungoja wapotee machoni. Alikata zile kamba. Jamani, kwato zilikuwa laini kama muhogo uliovundikwa. Tukaziosha kwa maji ya chumvi vuguvugu, akakata palipooza kidogo kidogo, halafu tukamsimamisha Karani juu ya mwamba mkavu, juani. Alisimama pale amefumba macho. Nilimuuliza shangazi atapona lini.

"Kwato haziharakishwi, mayu. Zinaota zenyewe."

"Kabla ya mtihani?"

Aliendelea kukata.

Baba alirudi siku ya pili. Alishuka kwenye gari la pamba, akamwona Karani, na kabla hata hatujamwamkia akauliza, "Nani amemvua punda wangu viatu?"

Shangazi hakuinuka. "Mimi. Na Kabula naye yuko pekupeku, mbona huulizi amevuliwa na nani?"

Mama aliingia jikoni haraka akisema mboga inaungua, na jikoni hakukuwa na moto. Baba akageuka, akaenda zake. Zile tairi alizikata zikawa bawaba za mlango wa jiko, na habari ya viatu haikuzungumzwa tena.

Tulimtembeza Karani kwenye changarawe, leo hatua ishirini, kesho arobaini. Alipobeba madebe kwa mara ya kwanza, mtihani ulikuwa umebaki siku kumi. Niliufanya. Sikuchaguliwa. Alichaguliwa mmoja tu shule nzima, msichana ambaye mimi ndiye nilikuwa namfundisha hesabu.

Karani aliishi miaka mingi baada ya hapo, mzima wa miguu, nikimkata kwato mwenyewe. Na baba mpaka uzeeni aliwaambia wageni, "Kabula huyu angekuwa mwalimu, ila punda alituangusha." Punda! Miaka yote hiyo nilikuwa nainamisha kichwa namwaga chai kwenye vikombe. Sasa baba hayupo, shangazi hayupo, na sina wa kugombana naye.

Watoto wa siku hizi hawainamishi kichwa. Mwezi uliopita mwanangu, anayeuza sururu na tochi kwa wachimbaji, alisikia kuna rashi mpya porini, watu wanakimbilia dhahabu. Akamwambia binti yake, yule mjukuu wangu wa viatu, aliye kidato cha nne, akae dukani wiki moja.

"Baba, hapana," yule mtoto akasema, hata simu hajaiweka chini. "Nina mtihani."

Mtoto wa enzi zetu angemjibu baba yake hivyo, ukoo mzima ungekaa kikao. Nilifungua kinywa nimkemee, maneno yote tuliyolelewa nayo yapo tayari ulimini. Mwanangu alikuwa ananitazama, anasubiri nimuunge mkono.

Nikamwambia atafute mtu mwingine wa kukaa dukani.