Usukani wa Baba

Wallahi nasimulia haya nimejifunika uso. Baba alifariki akiwa jeshini, nami ningali mchanga, akatuachia picha moja tu: amevaa sare, ameegemea mlango wa lori lenye namba ubavuni. Mwaka wa themanini na saba nikaliona lori lile lile, namba ile ile, limetupwa kwenye machimbo ya zamani Bamburi, limemezwa na magugu. Nikalinunua, nikalivuta hadi kwangu Mtopanga. Mama, aliyekuwa akikaa Likoni kwa dada yangu, sikumwambia. Nilitaka kumshtukiza.

Miaka miwili nililitengeneza kila nilipotoka kazini. Usukani pekee sikuupiga msasa, maana ulikuwa umelika pale mikono ya baba iliposhika. Jioni nilikaa nikaushika, nikahisi nimeshikwa mkono. Takataka za nyuma nilizitupa zote, isipokuwa sufuria mbili kubwa zilizoungua. Hizo nilimpa jirani.

Siku lilipowaka, nikamsomea baba hitima, na mama nikamwalika. Watu walipokwisha kula pilau, nikasimama kuwahutubia kuhusu usukani ule, nikalia mbele ya maalimu. Kisha nikamwita mama aje aushike mkono wa mumewe, dereva wa jeshi.

Mama akaupita mlango wa dereva, akaenda nyuma, akachungulia ndani.

"Dereva nani, mwanangu? Babako hata baiskeli hakuijua. Alikuwa mpishi. Sufuria zake umeziweka wapi?"

Ng'ambo ya ua, kuku wa jirani walikuwa wakinywa maji ndani ya mojawapo.