Jina la Papa Katikati ya Wimbo

Nimekulia na wimbo wenye shimo katikati. Redio yetu ilikaa juu ya kabati, na mama aliifuata kwa sikio hata akiwa nje anatwanga sombe, majani ya muhogo. Wimbo ule ukianza, anaacha mchi, anaingia, anangoja kiitikio kipite, halafu anazungusha kitufe mpaka redio inanyamaza. Baada ya muda kidogo tu anairudishia sauti. Pale alipokata ndipo mwimbaji anamwita papa, baba yetu, kwa jina.

Kwetu Kongo ni desturi hiyo. Wanamuziki wanarusha majina ya watu katikati ya wimbo, na wengi wanaoitwa wamelipa ili waitwe. Papa hakulipa kitu. Alikuwa Munande wa Butembo, dereva wa lori la maharagi, mutu wa mdomo mwingi na roho nzuri. Siku moja alikuta vijana watano wamekwama upande wa Rutshuru, basi lao dogo limezama ndani ya matope, nao wamekaa kando na magitaa yao mapajani. Walikuwa wanakwenda kuvuka Bunagana ili warekodi kaseti yao ya kwanza Uganda. Papa aliwapakia juu ya magunia na ngoma zao, akawafikisha mpakani, njia nzima akiwachekesha. Mwimbaji wao alimwambia, "Papa, tutakurusha ndani ya wimbo." Alirudi akatusimulia, na sisi hatukumsadiki hata kidogo.

Kaseti ilipofika Goma, kumbe ni kweli. Papa alitembea mtaa wetu wote wa Keshero kama waziri. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulikipenda kile kikundi kuliko chakula. Tulijua kila hatua ya dansi yao, tulivunja kitanda tukiicheza, na papa aliapa kwamba wakija kucheza Goma atatubeba mbele kabisa ili watuone, maana wale ni watu wake. Kisha akashika njia ya Bunagana kama kawaida, na hakurudi. Lori lilionekana kando ya barabara, tupu. Yeye hapana. Hakuna aliyetuletea mwili, wala shati, wala neno.

Bila mwili, mama alikataa kilio. Majirani walikuja na viti na mikeka ili wakae nasi, akawarudisha kutoka mlangoni kwa adabu. "Namna gani nitamulilia mutu anaweza kufika kesho?" Walirudi na viti vyao.

Lakini alikuwa na redio moja tu ya kunyamazisha. Nyumba zetu ni za mbao, na jirani alipenda muziki. Kwetu kimya, kwa jirani papa anaitwa, tena kwa furaha, na sauti ya mutu aliyemwona rafiki akitokea njiani. Mara moja mdogo wangu aliacha sahani yake ya fufu akakimbia kufungua mlango wa uzio. Kichwani mwake, kama wanamwita hivyo, basi wamemwona. Sikumcheka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimesimama.

Nimekuwa mutu mzima nikikutana na jina lile kwenye harusi, kwenye saluni, kwenye baa za Birere. Likifika, vijana wanarusha mkono juu na kulipigia kelele. Wanadhani ni neno la dansi tu. Ilikuwa inanikasirisha sana. Nilitamani niwashike mashati niwaambie: huyo ni mutu, alikuwa anakoroma, alikuwa anachagua vitunguu na kuviweka pembeni ya sahani.

Halafu juzijuzi tangazo likapita. Kikundi kile, kilichotawanyika nchi za watu tangu vita, kinakuja Goma. Nilikwenda kwa mama na tiketi mbili nikijua atazikataa. Alizishika muda mrefu.

"Yule kijana wa kuimba alimuona papa yenu na macho yake," akasema. "Akimuita, mi naendelea kungoja. Asipomuita, tunafanya kilio, inaisha."

Nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilijua pia wanamuziki walivyo: jina la zamani linatoka, la mkubwa wa leo linaingia. Niseme ukweli, nilikwenda pale nikitumaini hivyo.

Mama alivaa kitenge chake cha misa. Walitutangazia saa nane, na wakatukalisha juani mpaka jua likaegemea upande wa Sake. Watano wale sasa walikuwa wawili, na "yule kijana" wa mama alikuwa muzee mwenye kitambi, anashika kiuno akipanda jukwaani. Nilikaribia kucheka. Akafungua mdomo, na sauti ilikuwa ile ile, na mimi nikawa tena mutoto wa juu ya kitanda, nikamtafuta papa wa kunibeba.

Wimbo wetu ukaanza. Kiitikio kikapita. Na mimi niliyekuja nikitaka yaishe, nikajikuta naomba: mwite, mwite tafadhali, mara moja tu. Kando yangu mkono wa mama ulikuwa umeinuka hewani, vidole viwili vikizungusha kitufe ambacho hakikuwepo.

Mwimbaji aliita jina la bwana mmoja aliyekaa mbele, kwenye viti vya heshima. Lakini halikusikika vizuri. Uwanja mzima ulikuwa umerusha mikono juu na kuita jina la papa, mama za soko, vijana wa pikipiki, watoto waliozaliwa yeye ameshapotea. Mwimbaji alishtuka, akacheka, akawanyooshea mikrofoni. Wakaliita tena.

Mkono wa mama ukashuka. Alisikiliza mpaka mwisho, wimbo wote, mara ya kwanza tangu papa aende. Mimi nilikuwa nalia, na sikujua tuhesabu vipi.

"Mama, ameitwa ao hakuitwa?"

Alifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akageuka, akawaangalia watu nyuma yetu, kushoto na kuume, mpaka kule kwenye ukuta.

"Tufanye kilio," akasema. "Watu wameshafika."