Farasi Hacheui

Vitabu vyangu vya watoto karibu vyote vina farasi ndani. Cha kwanza nilikiandika kabla sijamwona hata mmoja. Nilipokuwa mdogo Kasese nilimpenda farasi wa kwenye kalenda, mapenzi ya kijinga yasiyokwisha, na nilipokuja kufundisha Bwera nikawatungia wanafunzi wangu kijitabu kwa mkono. Sisi wa huku tunawajua ng'ombe na mbuzi. Basi nikaandika kwa kujiamini: "Farasi akishiba hulala chini akacheua. Usimsumbue." Watoto wakaikariri.

Kisha mzee mmoja mkimbizi kutoka upande wa Butembo, Kongo, akapanga chumba nyuma ya shule yetu, akiwa na farasi jike wa kahawia. Sikubanduka pale. Siku moja nilimsomea kijitabu changu, akacheka mpaka akakohoa.

"Madamu, farasi haicheuaka! Ukiona imelala muchana na inatoka jasho, ni tumbo. Iinue, itembee. Ikibaki chini, inakufa."

Nilisema nitasahihisha. Sikusahihisha. Niliona haya kusimama mbele ya watoto na kukiri kwamba nimekosea, na wiki zikapita.

Jumamosi moja mzee alikwenda sokoni Mpondwe asubuhi, akamwachia farasi mjukuu wake wa miaka tisa, mwanafunzi wangu. Nilifika saa nane mchana. Farasi alikuwa amelala ubavu, shingo imelowa jasho, akigeuka kila mara kutazama tumbo lake. Mtoto ameketi kando, ametulia, anawafukuza mbuzi wasikaribie.

"Iko nacheua, Madamu," alininong'oneza. "Tangu asubui. Jirani alitaka kuita mutu, nikamukataza."

Nilishika kamba nikavuta, nikapiga kelele, nikamsukuma kwa bega. Hakuinuka. Nilimpigia mzee simu, akasema "Inua!" tu, simu ikakatika. Mtoto alipouona uso wangu alielewa, akaanza kulia huku akivuta pamoja nami. Mara ya nne farasi alisimama, miguu ikitetemeka. Tukamtembeza kwenye uwanja wa shule, tukazunguka, tukazunguka. Kila alipotaka kukunja magoti nilimtukana kwa Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo mwalimu hasemi mbele ya mwanafunzi wake.

Jua lilikuwa linateremka mzee alipofika kwa bodaboda, na daktari wa mifugo nyuma yake. Daktari akampiga sindano, tukaendelea kumtembeza. Hatimaye farasi akainua mkia, akatoa mavi: tumbo limefunguka. Sijawahi kufurahia mavi kiasi hicho.

Mzee hakucheka. Jirani alikuwa amekwisha kumweleza njiani. Alimgeukia mjukuu wake, fimbo mkononi.

"Jirani alitaka kusaidia. Juu ya nini ulimukataza?"

Mtoto alinitazama, kisha akatazama chini. "Ni mimi tu, babu. Nilikosa."

Alikuwa tayari kuchapwa ili mimi nisiaibike. Nikasimama kati yake na fimbo.

"Mzee, kosa ni langu. Niliandika uongo, ukanisahihisha, nikaona haya kuufuta. Yeye aliniamini."

Aliishusha fimbo polepole. Alimshika mjukuu wake mkono wakaingia ndani, na yule mtoto hakugeuka kunitazama.