Nilipojibu "Yes, Sir"

Nilipojibu "Yes, sir", shule nzima ikaguna. Nilikuwa mbele ya mstari, mtoto wa darasa la sita, soksi moja imeshuka, najiona nimejitetea vizuri. Mwalimu Chande alikuwa ameniuliza kwa Kizungu: "You didn't steal my book, did you?" Mie nikasikia "hukuiba kitabu changu", nikaitika ndiyo, sikuiba. Akawageukia walimu wenzake akasema, "Amekiri mwenyewe." Kiranja wetu, Shukuru, akaenda kuleta fimbo hata kabla hajatumwa.

Nyie mliosoma Vingunguti miaka ile mnaijua shule yetu. Unatoka nyumbani ufagio mkono huu, kidumu cha maji mkono huu, daftari umelivalisha karatasi la mfuko wa saruji. Kengele ilikuwa rimu ya lori inayogongwa kwa nondo. Upepo ukigeuka, machinjio yote yanaingia darasani, na hakuna anayeziba pua, tumezoea. Mapumziko ni mihogo ya kukaanga na pilipili ya kutoa machozi, halafu rede, kurushiana mpira na kuukwepa, mpaka vumbi linatugeuza rangi. Watoto wa leo ukiwatajia rede wanauliza ipo kwenye simu gani.

Kizungu kilikuwa baada ya mapumziko. Mwalimu Chande alikuwa na kitabu kimoja chenye jalada jekundu, sie hatukuwa nacho hata mmoja. Anasoma, tunaitikia kwa kuimba: "She is tall, isn't she? They aren't here, are they?" Maana hatuijui, ila utamu wa sauti tunaupata. Wasichana tuliugeuza wimbo wa kuruka kamba: wawili wanazungusha, mmoja katikati anaruka, "isn't she, are they, isn't she, are they". Hakuna aliyeruka kunishinda. Nilikuwa nakiomba kile kitabu nikishike tu, ninuse kurasa zake. Kilipopotea, Mwalimu Chande hakutafuta mbali.

Mama aliitwa, akaambiwa mtoto kakiri. Tulipofika nyumbani akasema, "Ungekataa, ningekupigania. Umekiri, sasa mie nisimame wapi?" Nikamwambia nilikataa. Akanichapa na yeye, kwa uongo huo.

Nilijaribu kurudi shule siku mbili tatu. Kila nikifika getini wenzangu wananiimbia "Yes, sir". Nikaacha. Elimu yangu iliishia hapo. Miaka yote nilijua sikuiba. Nilichokuwa sijui ni kwa nini nilikiri. Kuna wakati nilianza kujiuliza kama kweli sikukichukua.

Mwezi uliopita, alasiri, kitinda mimba wangu Zuhura, yupo kidato cha tatu, alikuwa barazani anajiandaa na mtihani, mie pembeni nachambua mchele. Kakosa mtu wa kumuuliza maswali, akaniuliza mie.

"You don't eat octopus, do you?"

Pweza sili, ananitoa vipele. Nikamjibu, "Yes."

Akacheka. "Mama, hapo umesema unakula."

"Nimesema ndiyo, sili."

"Kizungu hakiendi hivyo, mama. Kama huli unasema no. Sie tunaitikia maneno ya anayeuliza, wenzetu wanajibu lile jambo lenyewe. Ticha anasema darasa zima tunakosea hapohapo."

"Darasa zima?"

"Zima. Hata yeye alikuwaga anakosea."

Nikaweka ungo chini, nikamwambia aniulize tena. Akaniuliza maswali kumi, nikasema no yote kumi, na kila no kifua kinakuwa chepesi. Akadhani nimekipenda Kizungu.

Siku hiyohiyo nilikwenda Segerea, anakokaa mama kwa kaka yangu. Nikamweleza mama kwa mfano wa pweza. Akaniambia nirudie, masikio yamechoka. Nikarudia. Akasema, "Kumbe nilikupiga bure, mwanangu." Tukala wali pamoja, na hakijapata kunishuka chakula kama kile.

Watoto wa siku hizi kila mmoja ana kitabu chake. Kamba hawawezi kuruka, na Kizungu chao wanakichanganya na Kiswahili kama makande. Lakini akikosea anachekwa kidogo, anarekebishwa, anaendelea na masomo. Kwetu kosa moja lilikufukuza shule. Nawaonea wivu, na namshukuru Mungu kwamba Zuhura kazaliwa sasa.

Ila wewe, Mwalimu Chande, shikamoo. Nasikia umestaafu, upo Kimara, una wajukuu. Sigara ulinunua kwa Kiswahili. Ulitutukana kwa Kiswahili. Mama yangu ulimwambia mwanao mwizi kwa Kiswahili safi. Na kosa lile ulilijua, maana ndilo ulilolipwa mshahara uturekebishe. Kwa nini siku ile, mbele ya watoto wote wale, hukuniuliza kwa Kiswahili? Mie usinijibu. Mama yu hai, anakaa Segerea. Njoo umjibu yeye.