Nguo Isiyo na Haraka

Nilikuwa kwa fundi kufuata suruali yangu, mara ya tatu, wakati mama mmoja mugonjwa alipoingia, bintiye akimushika mukono. Akatandika kitambaa cha kikwembe mezani.

"Nishonee nguo ya kunizika."

Fundi akarudisha futi shingoni. "Mama, hatupimi muntu akiwa hai!"

"Nikishakufa, nani atakuambia inanibana?"

"Mama, unajiitia kifo," binti akasema.

"Muganga wa hospitali anayekuja nyumbani kunipunguzia maumivu, njo yeye tu aliniuliza ninataka nini. Ninyi munanong'ona mulangoni."

Binti akainua mikono ya mama ili apimwe vizuri.

"Itakuwa tayari Ijumaa," fundi akasema alipomaliza kupima.

Mama akanigeukia. "Papa, na wewe alikuambia Ijumaa?"

"Ijumaa tatu sasa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi huyu njo fundi ninayemutaka."

Tangu siku ile sidai suruali yangu. Naogopa kumuzoesha fundi haraka.