Saa Moja ya Ndege

Haya, chekeni mapema mmalize, maana nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwemo botini, heri niieleze mwenyewe na aibu yangu.

Mwanangu Salma ameolewa Nairobi, mimba ya kwanza, daktari akasema atapasuliwa Alhamisi alasiri. Akaniomba kitu kimoja tu, niwe nimemshika mkono kabla hajaingizwa. Nikamjibu, "Nairobi ni wapi? Kutoka uwanja wa ndege wa Manda ni saa moja na kidogo kwa ndege, chai haijapoa nishafika!" (Ndege yenyewe sikuwahi kuipanda, lakini mdomo ulishapanda.)

Basi asubuhi ile, badala ya kuteremka gatini moja kwa moja, nikasema kwanza niage. Mwatujua watu wa Faza, mtu hasafiri kimyakimya, utasemwa mwaka mzima kwamba umeshika ndia bila kuaga. Nyumba ya kwanza nikapewa visheti, ya pili nikaombewa dua ndefu, ya tatu nikaketishwa kwa chai, na kila nikiulizwa kama sijachelewa najibu, "Saa moja tu, bibi wee!" Kumbe boti ya abiria ya kutuvusha hadi Manda inanisubiri, maana nahodha Athumani ni mtoto wa dada yangu, ataniachaje? Watu wameiva kwa jua, mwalimu mmoja wa bara anatazama saa yake, na mimi mzaliwa wa hapa, maji nayajua kupwa na kujaa, ila siku hiyo nilikuwa nahesabu safari ya angani, ya baharini nimeisahau kabisa.

Tulipofika Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kuelekea Manda, maji yalishakupwa. Boti ikakaa matopeni. Hakuna aliyenitukana, ila Athumani aliniambia polepole, "Mama mdogo, tungetoka kwa wakati tungepita." Watu wote wakanigeukia, na mimi na visheti vyangu mapajani.

Simu ikalia. Salma. "Mama, alasiri wanakuja kunichukua. Uko wapi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Nimo ndegeni, mwanangu, twakaribia."

Papo hapo yule mwalimu nyuma yangu akapaza sauti, "Jamani, tushukeni tusukume!"

Salma akauliza, "Mama, nani anasukuma ndege?"

Boti nzima iliangua kicheko, na kicheko chenyewe akakisikia. Nikakata simu, nikashuka na buibui langu, tope hadi magotini, nikasukuma na wenzangu huku nalia. Boti haikusogea. Ndege yangu ikapita juu ya vichwa vyetu, na mtu mmoja akaipungia mkono.

Nilifika kesho yake. Mjukuu keshaoshwa, keshaadhiniwa, na mkono wa Salma jana yake ulikuwa umeshikwa na nesi asiyemjua hata jina. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umefika, Mama," akaniachia mtoto, akageukia ukutani. Wallahi afadhali angenigombeza, huenda ningepata usingizi.

Siku hizi mtu akiniambia Nairobi ni saa moja, sina nguvu ya kubishana. Mimba ijayo, inshallah, nitakwenda hata tumbo halijatoka, nikae kwao mpaka wanichoke. Na majirani wa Faza mtaniwia radhi, simuagi mtu. Mkiona mlango umefungwa, jueni nimekwenda kwa mwanangu.